Mwaka Tulipohesabiwa Mtondooni

Hidaya alifariki Amu, mji ambao wengine huuita Lamu, mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu. Habari ilinikuta Shela kwa mjukuu wangu, nimekaa kwenye kibao napara samaki. Nilinawa mikono, nikavaa buibui, nikapelekwa kwa mashua. Nilikaa matangani siku tatu, ghorofani, kwenye chumba cha wanawake, mgongo ukutani, kati ya watu ambao wengi wao hawajui kwamba mimi na marehemu hatukuzaliwa Amu. Tulizaliwa Mtondooni, upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu juu ya mchanga, mahali ambapo vijana siku hizi wakipataja husema tu “kule magofuni”. Siku ya tatu, baada ya khitma, binti yake mkubwa, Nuru, aliniletea kahawa na sahani ya kaimati, akakaa karibu na goti langu, akanambia neno juu ya mamake lililonifanya nikiweke kikombe chini. Nitalieleza mahali pake. Lakini halitafahamika mpaka niueleze mwaka ule, kati ya miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na saba, mwaka ambao mui wetu, maana sisi husema mui wala hatusemi mji, uliondolewa serikali yake ukafanywa mtaa wa Amu.

Nikisema serikali, msomaji asifikirie jumba. Ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kiti cha mikono, daftari mbili kubwa na muhuri, na nje yake mlingoti wenye bendera nyekundu ya Sultani. Hapo ndipo alipokaa mudiri, Bwana Athumani, mtu mrefu, mkimya, ambaye kabla ya kusema neno hulitafuta kwanza mezani kwa macho. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, kesi ilikuwa pale. Mume akiondoka bila kuacha nafaka, kisima kikigombewa, ukuta ukiangukia ndia, yaani njia, yote yalikuwa pale, na yakimalizwa kabla ya adhuhuri. Chumba changu kilipakana na ofisi ile. Ukuta wa kati ulikuwa na vidaka, vile vishubaka vya chokaa vya kuwekea mabakuli, na kimoja kilikuwa kimechimbwa sana hata upande wa pili ulibaki kama ganda la yai. Nilikuwa nimekwisha hitimu Kurani chuoni na sina ruhusa ya kutokatoka, kwa hiyo siku nzima nilikaa chini ya kidaka kile nikishona kofia, na sauti za serikali zikinipitia juu ya kichwa. Nilijua nani amemshitaki nani kabla ya mshitakiwa mwenyewe. Sikuona kuwa ni upelelezi. Ilikuwa kama kusikia mvua.

Basi ndivyo nilivyoisikia barua. Karani wetu, Bwana Mselemu, aliisoma kwa sauti mara mbili. Ilisema kwamba mji usiotimiza nyumba ishirini zenye watu hautakuwa na mudiri wake, utaunganishwa na Amu, na kwamba baada ya wiki mbili atakuja afisa kuhesabu nyumba kwa nyumba. Kisha Bwana Athumani akauliza, “Tuna ngapi?”

“Zenye watu ni kumi na moya, Bwana.”

“Nilidhani kumi na tatu.”

“Mbili wamehamia Amu tangu mfungo sita.”

Nyumba zenyewe zilikuwa nyingi kuliko hizo, za mawe, za ghorofa, zilizojengwa na watu wenye mali wakati Mtondooni ikitajwa pamoja na miji mikubwa. Ila zilikuwa zimefungwa, wenyewe wamekufa au wametawanyika, na watoto tulikatazwa kuchungulia ndani. Sijui aliyempelekea habari Bi Mwanaate. Siku ya pili asubuhi alikuja mpaka kwenye daka, ule ukumbi wa mlangoni wa ofisi, akakaa kwenye baraza ya mawe na buibui lake, mwanamke mzee mnene aliyezalisha nusu ya watu wa mui ule, akasema bila kuingia:

“Bwana Mudiri, nyumba zipo. Ni watu tu hawapo.”

“Ndiyo hesabu yenyewe hiyo, Bi Mwanaate. Wanahesabu watu.”

“Watu tutawaweka. Wanawake na wasichana tugawane, wawili wawili, kila nyumba iwe na moshi na sauti. Wanaume wetu wanajulikana kwa sura, sisi hatujulikani. Mzungu hafungui pazia la mtu.”

“Na akiuliza majina?”

“Majina yapo pia. Hayakwenda popote.”

Nilisikia kiti kikisogezwa. Bwana Athumani akasema hawezi kutia muhuri kwenye uongo. Bi Mwanaate hakumpandishia sauti. Alimtajia mjane mmoja mwenye kesi ya kisima wiki ile, mguu wake mmoja umevimba, akamuuliza huyo ataifikaje Amu, na akifika, ni nani huko anayemjua marehemu mumewe hata amwamini. Alimtajia watatu wanne wa namna hiyo, polepole, kama anayepanga vyombo. Mwishowe Bwana Athumani akasema, “Fanyeni. Mimi sikusikia.” Halafu, Bi Mwanaate alipokuwa amesimama kuondoka, akaongeza, “Ile nyumba yangu ya kale msiiguse.”

“Ile haina dari, Bwana. Nani ataiingia?”

Ilikuwa nyumba aliyokaa na mkewe, Bi Rukia. Alifia humo kwa homa kabla sijapata akili. Bwana Athumani hakuoa tena, akahamia chumba kidogo karibu na ofisi, na mvua mbili baadaye boriti zikaanguka. Mpapai ulikuwa umeota mahali palipokuwa kitanda.

Tuligawiwa nyumba tisa. Mimi nilipangwa na Bi Mwanaate kwenye nyumba ya mtu aliyeitwa Maimuna binti Ali, aliyekufa na mtoto wake siku moja. Hidaya na mamake walipangwa nyumba iliyofuata yetu, na kati ya nyumba hizo mbili kulikuwa na wikio, daraja la mawe lililopita juu ya ndia, ili wanawake watembeleane bila kuonekana. Baada ya nyumba ya Hidaya ukuta uliofuata ulikuwa wa Bi Rukia. Tulikuwa tukienda asubuhi na kurudi kwetu baada ya alasiri, wiki nzima kabla ya afisa kuja, kwa sababu Bi Mwanaate alisema nyumba haiwezi kudanganya siku moja, lazima izoee. Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akaiamkia nyumba kama anavyoamkiwa mtu, akangoja kidogo, ndipo akaingia. Ndani kulikuwa na harufu ya chokaa na ya kitu kitamu kidogo, mfano wa udi uliozimwa jana. Nilitarajia kukuta vifusi. Nilikuta kinu kimefunikwa kwa kawa, lenye vumbi lakini zima, na mafiga matatu yamepangwa vizuri na majivu yake katikati. Tulipowasha kuni za mkoko moshi haukutuzunguka hata kidogo. Ulinyooka, ukashika pembe, ukatokea kwenye tundu ambalo hatukuwa tumeliona. “Unakumbuka ndia yake,” alisema Bi Mwanaate, akaanza kukuna nazi.

Alinifundisha nani mimi. Ukiulizwa, wewe ni Maimuna binti Ali, mumeo amesafiri. Nilirudia mpaka ulimi ukazoea, na kufikia siku ya tatu yeye mwenyewe aliacha kuniita Zuwena. “Maimuna, niletee chumvi.” Nami nikaleta. Lililonitia baridi mara ya kwanza ni lile la mzee kipofu aliyekuwa akipita ndia yetu kila siku kwenda msikitini, mkono ukutani. Tulikuwa tumepika wali na samaki wa kupaka. Akasimama chini ya dirisha, akavuta harufu, akasema kwa furaha ndogo, ya kawaida kabisa, “Maimuna, umepona?” Nilimtazama Bi Mwanaate. Hakunisaidia. Aliendelea kukoroga. Nikasema, “Nimepona, baba.” Mzee akashukuru Mungu. Akauliza mtoto ni mume au mke. Alingoja kidogo, kisha akacheka peke yake akasema ataambiwa siku ya arubaini, akaenda zake. Wali ule sikuula. Sasa nikifikiri, naona kwamba tuliingia kucheza kitu bila kumuuliza mtu yeyote aliyekuwa na haki ya kuulizwa, na kwamba Bi Mwanaate alilijua hilo vizuri kuliko sisi sote. Ndiyo maana alisalimia mlangoni.

Siku ya nne au ya tano, mchana, wakati jua liko juu ya kichwa na hakuna anayetembea, nilivuka wikio kwenda kuomba ndimu kwa kina Hidaya. Katikati ya daraja nikasikia maji yakimiminwa, kidogo kidogo, kama mtu anayetawadha na hataki kuyamaliza. Yalitoka upande wa pili wa nyumba yao. Nilipoingia nilimkuta Hidaya akijaribu kuigiza sauti za wazee, kazi aliyokuwa hodari nayo kupita wote, mamake akimkanya huku anacheka. Nikadhani maji yalikuwa yao. Nilichukua ndimu zangu nikarudi.

Afisa alifika kwa punda pamoja na askari mmoja, kijana Mzungu mwenye shingo iliyoungua na Kiswahili safi cha vitabuni. Alimwomba Bwana Athumani na karani wabaki ofisini, apate kuhesabu mwenyewe bila kuongozwa. Tulikaa nyuma ya mapazia yetu tukimsikia anavyokaribia, nyumba kwa nyumba, hodi yake ikiwa ileile kila mlango. Kwetu aliuliza mwenye nyumba ni nani. Nilisema jina la Maimuna binti Ali na sauti yangu haikutetemeka, jambo lililoniogopesha zaidi kuliko kama ingetetemeka. Aliandika, akashukuru, akaondoka. Nilingoja mpaka nikasikia hodi yake kwa kina Hidaya, nikamwambia Bi Mwanaate tumbo linaniuma, nikateremka kwa mlango wa nyuma, nikakimbia kwetu kwenye kidaka changu. Nilitaka kumsikia akishindwa.

Alipomaliza alikaa kiti cha mbele ya mudiri, akanywa maji, akasema kwamba amefurahi kukosea, maana aliambiwa mji huu umekufa. Akasoma orodha yake. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, na baada ya kila jina Bwana Mselemu alikuwa akiitikia “naam”. Tulipofika ishirini nilikaribia kupumua.

“Na ya ishirini na moja,” alisema afisa, “mwanamke mmoja peke yake. Rukia binti Omari.”

Bwana Mselemu hakusema naam.

“Nyumba gani hiyo?” aliuliza Bwana Athumani.

“Ya mwisho katika njia ile, yenye mpapai. Sikumwona. Alinijibu kutoka nyuma. Aliniambia niiname, boriti ya mlangoni iko chini, wageni wote hujigonga.” Alicheka kidogo. “Nilikuwa nimekwisha kujigonga. Nikamuuliza mume, akasema yuko ofisini, atarudi adhuhuri. Labda anafanya kazi Amu?”

Nje bendera ilikuwa ikipiga mlingoti. Kisha Bwana Athumani akamwambia afisa, kwa adabu, amwachie orodha mpaka kesho, ataikagua, ataitia muhuri na kuipeleka. Afisa akakubali. Alipoondoka, Bwana Mselemu alisema haraka, kwa sauti ya chini, “Ni wasichana hawa, Bwana. Mmoja amefanya mzaha. Tuifute hiyo moya, zibaki ishirini, nazo zatosha.”

“Nikimfuta yeye,” alisema Bwana Athumani, “hao wengine nitawaacha kwa haki gani?”

Karani alikwenda kula. Mimi sikuondoka, mguu ulikuwa umekufa ganzi chini yangu. Nilimsikia Bwana Athumani akisimama, hatua zake zikija mpaka ukutani, na sauti yake ikatoka ndani ya kidaka, karibu na sikio langu. “Zuwena. Najua uko hapo. Uko hapo miaka mitatu.”

Niliukunjua mguu polepole.

“Sitakugombeza. Aliyesema maneno yale anaijua nyumba yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu, inama, boriti iko tini. Pengine mmelisikia kwa mama zenu. Kama ni wewe, niambie, itakuwa mzaha wa mtoto. Nitafuta jina, nitatia muhuri, na mui utabaki.”

“Si mimi, Bwana.”

“Ni Hidaya?”

Hapa ndipo nilipokaa maisha yangu yote. Niliamini kabisa kuwa ni Hidaya. Nani mwingine aliyeweza kuigiza sauti ya mwanamke asiyemjua, na nani aliyekuwa karibu na ukuta ule? Lakini harusi yake ilikuwa imewekwa mwezi uleule, na ikijulikana kwamba amevuka gofu peke yake kumzungumzisha mwanamume mgeni, hata ndoa ingevunjika. Neno moja lilitosha kuuokoa mui, na neno hilohilo lilitosha kumwangamiza rafiki yangu. Nikasema, “Sijui, Bwana.”

“Basi, mwanangu,” alisema. Hakukasirika. Nilipata hata kufikiri kwamba sauti yake ilikuwa na nafuu.

Kesho yake baada ya alfajiri alikwenda Amu kwa miguu, na orodha haina muhuri. Aliwaambia wakubwa wa huko yote, nyumba tisa na majina yake, na hakumtaja mtu aliye hai. Hawakumfunga. Walimtoa tu kazini, na kabla ya mwezi kuandama wakaja watu wakashusha bendera, wakapakia meza na daftari juu ya punda wawili. Kiti cha mikono hakikupakika, wakakiacha nje, na kuku wakakipanda. Watu waliokuwa na kesi siku ile walisimama wakiangalia daftari zenye majina yao zikienda. Mjane mwenye mguu uliovimba hakupata kufika Amu. Kisima chake kilitumiwa na aliyemdhulumu, na hakuna aliyekuwa na pa kusema. Nyumba kumi na moja zikawa nane, zikawa tano. Hidaya aliolewa akaenda Amu. Mwaka uliofuata nikamfuata mimi, na harusini kwangu alinikumbatia akaninong'oneza, “Wewe una moyo.” Nikadhani anasema juu ya kuolewa mbali. Siri yake sikuigusa hata mara moja, na yeye hakunigusia, na miaka zaidi ya sitini tulikuwa tukila sahani moja kila Idi na jambo hilo liko kati yetu, mimi nikijiona nimemsitiri.

Basi neno la Nuru lilikuwa hili. “Mama alikuwa akikusifu mpaka siku zake za mwisho. Akisema, Zuwena ndiye aliyekwenda kumjibu Mzungu katika nyumba ya mudiri. Mimi nisingethubutu, mimi nilikuwa nimeshikwa mkono na mamangu toka hodi ya kwanza mpaka alipoondoka, nikimsikia Zuwena akisema upande wa pili wa ukuta.” Nilimuuliza Nuru kama mamake alisema hivyo kwa mzaha. Akasema hapana, bibi yake pia alikuwa akisema hivyo, kwamba walikuwa wameshikana mikono, na kwamba sauti ya Zuwena siku ile ilikuwa nzito kama ya mtu mzima. Nilikaa na kahawa yangu ikapoa. Kwa zaidi ya miaka sitini nimejihukumu kwamba nilikuwa na neno la kuuokoa mui wetu nikalizuia. Sikuwa nalo. Nilipomwambia Bwana Athumani sijui, nilimwambia kweli tupu, na sijui kama niseme hilo limenipa raha au limeniondolea hata ile niliyokuwa nayo.

Watu wa Mtondooni hawakumsamehe Bwana Athumani. Bi Mwanaate aliacha kumwitikia salamu, na wengine wakamwiga. Nilikuwa mmoja wa wale waliogeuza uso, kwa sababu nilimwonea haya. Alikaa peke yake chumbani kwake mpaka mvua za masika zilipokwisha, kisha tukamwona anabeba boriti mpya moja moja kuzipeleka ile nyumba ya Bi Rukia, anachanganya chokaa mwenyewe, na hakuna aliyekwenda kumsaidia. Siku chache kabla ya kuondoka kwangu nilitumwa kurudisha sinia la jirani, nikapita ile ndia wakati adhuhuri imekwisha adhiniwa na watu wanatoka msikitini. Alikuwa mbele yangu, kanzu imepigwa pasi, makubadhi miguuni. Hakuniona. Alifika kwenye mlango wa nyumba yake ya kale akabisha hodi. Alingoja, kichwa kimeelekea upande mmoja. Mimi sikusikia kitu, wallahi, sikusikia kitu. Kisha akavua makubadhi, akainama akapita chini ya boriti, na kutoka ndani nikaisikia sauti yake, ya upole, kama mtu anayemzuia mwenzake asijisumbue kusimama.

“Starehe,” alisema. “Starehe, usiinuke.”